Kemia ya kompyuta katika shahada ya kwanza: isomwe, lakini isiachiwe peke yake

Wanaoitetea kemia ya kompyuta katika vyuo vya Zanzibar huanza na fedha. Maabara ya kemia inakula kila kukicha: vimumunyisho, asidi, mitungi ya gesi, vioo vinavyovunjika, mashine zinazosubiri fundi na vipuri kutoka ng'ambo. Kwa upande mwengine, laptopu moja yenye memori ya GB 8 na programu zisizolipiwa inamwezesha mwanafunzi wa kampasi ya Tunguu au wa Pemba kukokotoa umbo, nishati na mitetemo ya molekuli ile ile anayoikokotoa mwenzake wa Ujerumani. Wanaoipinga wana jibu fupi. Kemia bila kemikali si kemia, na anayemaliza chuo hajui kushika pipeti sawasawa hatafaa kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, Taasisi ya Viwango wala Mamlaka ya Maji, hata akijaza skrini molekuli za rangi saba.

Pande zote mbili zinasema kweli, ila kila upande unaishia njiani. Rai yetu ni hii: kila mwanafunzi wa kemia aisome kuanzia mwaka wa pili, isiwe shahada inayojitegemea, na mradi wa hesabu usipitishwe mpaka pawepo kipimo cha maabara kinachoweza kuupinga. Sharti hilo la mwisho ndilo zito kuliko yote, na sehemu kubwa ya makala hii inaeleza kwa nini.

Kwanza kazi yenyewe. Kemia ya kompyuta hutatua, kwa makadirio, mlinganyo wa Schrödinger kwa elektroni za molekuli. Molekuli ikiwa kubwa mno, elektroni huachwa na atomu huhesabiwa kwa kanuni za Newton, zikivutana na kusukumana. Fani hii si pembezo tena. Tuzo ya Nobel ya kemia ya 1998 ilikwenda kwa Walter Kohn na John Pople kwa mbinu za kukokotoa elektroni, ya 2013 kwa Martin Karplus, Michael Levitt na Arieh Warshel kwa mifano ya kompyuta ya mifumo mikubwa, na ya 2024 kwa David Baker, Demis Hassabis na John Jumper kwa kubuni na kutabiri maumbo ya protini. Mwanafunzi anayefungua makala yoyote ya utafiti wa kemia leo atakuta jedwali la nishati zilizokokotolewa karibu na jedwali la vipimo. Asipojua kulisoma, nusu ya makala imempita. Hii ndiyo hoja nzito zaidi ya wanaoitetea, na inazidi hata ile ya fedha.

Hoja ya fedha ina tundu. Programu ni bure kweli: ORCA kwa matumizi ya chuo baada ya kujisajili, Psi4, xtb, GROMACS, Quantum ESPRESSO, na Avogadro ya kuchorea. Hakuna haja ya nakala za wizi za programu za kulipia zinazopita kwenye flashi, ambazo mwanafunzi hawezi hata kuzitaja kwa uhalali katika ripoti yake. Kinacholipiwa ni muda wa mashine, na muda huo haukui kwa usawa na molekuli. Mbinu ya Hartree-Fock, kwa hesabu ya kitabuni, hupanda kwa kipeo cha 4: molekuli ikiwa kubwa mara mbili, muda unazidi mara 16. Mbinu ya CCSD(T), ambayo wengi huichukulia kuwa kipimo cha usahihi, hupanda kwa kipeo cha 7. Maana yake ni mara 128, na kazi iliyochukua saa moja sasa inataka siku tano na zaidi. Kwa hiyo laptopu ya mwanafunzi inatosha kwa molekuli za atomu 20 hadi 50 kwa mbinu ya DFT, yaani ile inayofanya kazi na msongamano wa elektroni. Haitoshi kwa protini nzima, na anayemuahidi mwanafunzi wa mwaka wa tatu kinyume cha hivyo anampotezea mwaka.

Tuchukue mfano ulio nyumbani. Eugenoli, C10H12O2, uzito wa moli 164.2, ndiyo inayoyapa mafuta ya karafuu harufu na thamani. Kiwanda cha makonyo (vikonyo vya karafuu) cha Wawi, karibu na Chake Chake, kinakeneka mafuta ambayo sehemu yake kubwa ni molekuli hiyo hiyo. Ina atomu 24 na elektroni 88. Ni ndogo ya kutosha kwa laptopu, ina mambo ya kutosha ya kufundisha, na chupa ya mafuta ya kuipimia haipatikani kwa shida Unguja wala Pemba.

Mwanafunzi huanza kwa kuichora katika Avogadro, au kwa kuandika mstari COc1cc(CC=C)ccc1O na kuigeuza kuwa faili la viwianishi, yaani mahali pa kila atomu. Hapo hapo pana mtego wa kwanza. Hidrojeni ya kundi la OH inaweza kuelekea oksijeni ya methoksi (OCH3) iliyo jirani, ikafanya kiungo cha hidrojeni ndani ya molekuli, au ikageukia upande wa pili. Programu haichagui. Inatelemka kutoka pale ulipoiweka hadi bonde lililo karibu, na ikifika huko inatangaza ushindi. ORCA huandika HURRAY kabisa. Mkao uliogeuka uko juu kwa kilokalori kadhaa kwa moli, lakini faili la matokeo halina onyo lolote. Ndiyo maana hatua ya kwanza ni kutafuta mikao yote, pamoja na mzunguko wa mkono wa alili (kaboni tatu zenye kiunga pacha), kwa mbinu nyepesi kama xtb na mwenzake CREST, kisha kuchukua mikao mitatu au minne ya chini na kuihesabu upya kwa mbinu nzito zaidi.

Tofauti ya kilokalori kadhaa inaonekana ndogo. Katika nyuzi joto 25, kosa la kilokalori 1.36 kwa moli hubadilisha kiwango cha usawazisho au kasi ya mmenyuko mara 10. Kosa la 4 hubadilisha mara 850 hivi. Na nishati nzima ya eugenoli kwa DFT ni takriban Hartree -538 (Hartree ni kipimo cha nishati), sawa na zaidi ya kilokalori 337,000 kwa moli. Tunatafuta kilokalori moja ndani ya mlima huo, na tunaipata tu kwa sababu makosa mengi yanafutana pale tunapotoa namba moja kwa nyengine. Hufutana endapo kila kitu kimehesabiwa kwa njia moja. Mwanafunzi anayechukua nishati ya kianzio kutoka programu moja na ya zao kutoka programu nyengine ameharibu kazi yote, hata kama zote zimeandikwa B3LYP, aina moja maarufu ya DFT. ORCA na Gaussian, programu ya kulipia, hutumia fomula tofauti kidogo kwa jina hilo hilo; ukitaka ile ya Gaussian ndani ya ORCA unaandika B3LYP/G. Seti ya besi 6-31G(d) nayo, yaani mkusanyo wa fomula ndogo zinazoungwa kuelezea wingu la elektroni, ina fomula 204 kwa eugenoli pale obiti za d zinapohesabiwa sita sita, na 192 pale zinapohesabiwa tano tano kama ORCA inavyofanya. Hitilafu ya sehemu moja ya elfu ya Hartree ni kilokalori 0.63. Haihitaji kurudiwa mara nyingi kuharibu hitimisho.

Maelekezo yenyewe ni mafupi. Mstari mmoja, ! B3LYP D3BJ def2-SVP Opt Freq, unaomba umbo la chini na mitetemo; def2-SVP ni seti ya besi, na D3BJ inaongeza mvuto dhaifu wa mbali ambao B3LYP peke yake haiuoni. Kisha chaji 0 na uzidishi wa spini 1, kwa kuwa elektroni 88 zote zimepata wenza. Kwenye laptopu ya viini vinne na GB 8, maxcore, yaani kikomo cha memori, isizidi 1500, kwa sababu namba hiyo ni megabaiti kwa kila kiini: mara nne ni 6000, na kinachobaki kinahitajika na mfumo wenyewe na programu pale inapovuka kiwango kidogo. Wengi huandika 8000 wakidhani ni jumla. Mashine inaanza kutumia diski badala ya memori, kazi ya saa mbili inalala hadi kesho yake, na lawama inakwenda kwa programu. Kosa jengine la kila siku ni kuiita ORCA kwa jina fupi wakati wa kutumia viini vingi. Inataka njia kamili ya folda lake, na toleo la OpenMPI (programu inayogawa kazi kwa viini) lililotajwa kwenye maelezo yake, si lolote lililopo. Jina la folda likiwa na nafasi katikati, tegemea matatizo.

Hesabu ikimalizika, mitetemo ndiyo hakimu wa kwanza. Atomu 24 hutoa mitetemo 66, na umbo lililo chini kweli halina hata mmoja wenye alama ya kutoa. Ukiona mmoja mkubwa, umesimama juu ya kilima na si bondeni. Ukiona mdogo, kama -30, mara nyingi ni mzunguko wa methili au alili ambao haukutulia. Dawa yake ni kuisukuma molekuli kidogo kufuata mtetemo huo na kuihesabu tena kwa TightOpt na gridi laini zaidi. Mwanafunzi asiyetazama mstari huu ameripoti umbo lisilokuwepo.

Na hapa ndipo maabara inapoingia. Mashine ya infraredi ikiwepo, tone moja la mafuta ya makonyo linatosha. Eugenoli huonyesha kiunga pacha cha alili karibu na 1638 cm⁻¹, pete karibu na 1514, na mlima mpana wa OH karibu na 3500. Namba za B3LYP na besi za ukubwa huu hutoka juu kwa asilimia nne hivi, kwa kuwa hesabu inaichukulia mitetemo kana kwamba ni springi kamilifu. Kwa 6-31G(d), kizidisho cha kurekebishia kinachotumika sana ni karibu 0.96. Ukizidisha, 1638 na 1514 hukaa vizuri. Mlima wa OH haukai, na hautakiwi kukaa: kompyuta imehesabu molekuli moja peke yake katika utupu, ilhali kwenye mafuta kila OH inashikana na majirani. Mwanafunzi anayekitafuta kizidisho kingine mpaka OH ikubali amejifunza udanganyifu. Anayeandika aya tatu kueleza kwa nini haikubali amejifunza kemia, na aya hizo tatu zina thamani kuliko jedwali zima.

Kwa wasiokuwa na infraredi ipo njia rahisi zaidi. DPPH ni unga unaotoa rangi ya zambarau, na rangi hiyo hufifia ukikutana na molekuli inayotoa hidrojeni. Unaifuatilia kwa spektrofotometa ya kawaida katika nanomita 517. Kwenye kompyuta mwanafunzi anakokotoa nguvu ya kuvunja kiungo cha O-H: eugenoli yenyewe, kisha radikali yake, yaani kinachobaki hidrojeni ikitoka, kwa chaji 0 na uzidishi wa spini 2, kisha atomu ya hidrojeni. Anaanza na fenoli, ambayo thamani yake ya kipimo inajulikana kuwa karibu kilokalori 87 kwa moli, aone mbinu yake inapungukiwa kiasi gani. B3LYP hupungukiwa, na hilo halituzuii, mradi tunalinganisha molekuli za ukoo mmoja. Halafu anatabiri: asetili eugenoli, ambayo nayo imo kwenye mafuta ya karafuu hasa yale ya matumba, haina OH, kwa hiyo isifute rangi kwa kasi ya eugenoli. Utabiri huo unaweza kushindwa mbele ya macho ya msimamizi ndani ya dakika 30. Hiyo ndiyo sifa tunayoitaka.

Lakini hata hapa pana tahadhari ambayo msimamizi lazima aijue. DPPH huyeyushwa kwa methanoli, na ndani ya methanoli fenoli zinaweza kwanza kupoteza protoni kisha kutoa elektroni, njia ambayo nguvu ya kiungo cha O-H haielezi. Mpangilio wa kompyuta na wa chupa unaweza kutofautiana bila yeyote kukosea. Asiyejua hilo atamwambia mwanafunzi arudie jaribio mpaka likubali.

Sasa tuje kwenye aina ya mradi inayotutia wasiwasi zaidi: dokingi, yaani kupachika molekuli ndogo kwenye tundu la protini kwa programu kama AutoDock Vina. Inapendwa kwa sababu ni nyepesi. Protini inapakuliwa bure, molekuli ya mmea fulani inachorwa, sanduku linawekwa, na baada ya dakika chache inatoka namba kama -6.0 kilokalori kwa moli pamoja na picha inayovutia. Kisha kichwa cha ripoti kinasema mmea huo ni tiba tarajiwa ya saratani au kisukari. Waliotengeneza Vina waliripoti wenyewe, mwaka 2010, kosa la wastani la kilokalori 2.85. Tafsiri -6.0 kuwa uwezo wa kushikana, utapata kama maikromola 40, kiwango dhaifu kwa dawa. Ongeza na punguza 2.85, utapata kitu kilicho kati ya nguvu kabisa na kisicho na maana. Molekuli yenye ukubwa wa eugenoli itapata alama ya jirani na hiyo karibu kwenye protini yoyote yenye tundu. Namba haikusema lolote kuhusu karafuu.

Watetezi wa dokingi hujibu kwamba inafundisha umbo la protini na kwamba ni mlango wa kuingilia. Tunakubali, kwa masharti. Kwanza mwanafunzi aichukue dawa iliyokuwamo ndani ya protini pale umbo lake lilipopimwa, aitoe, aipachike tena, na mkao mpya usipishane na wa awali kwa zaidi ya Angstromu 2. Asipofika hapo, asiendelee. Pili, aongeze hidrojeni na atazame chaji za histidini (asidi amino mojawapo ya protini) kwenye tundu. Protini za kupakuliwa mara nyingi hazina hidrojeni. Tatu, apachike pia molekuli zinazojulikana kuwa hazifanyi kazi. Zikipata alama sawa na ya mmea wake, aandike hivyo. Mradi uliofanya haya matatu ukaishia kusema "mbinu hii haitofautishi" ni mradi mzuri na upewe alama zake. Katika visiwa ambavyo watu wanatumia dawa za miti kila siku, chuo kikisema jambo kuhusu mmea, mtu anaweza kuacha vidonge vyake vya hospitali. Hapa usahihi ni suala la uhai.

Upande wa wapinzani kuna hoja ya hisabati, na haijibiwi vya kutosha. Wengi wanaosoma kemia hapa walipita kidato cha sita kwa PCB (fizikia, kemia na biolojia), na hisabati yao iliishia kwenye ile ya matumizi ya msingi. Kemia ya kompyuta inasimama juu ya matriksi, thamani mahususi za matriksi, na kalkulasi ya vigeu vingi. Bila hizo mwanafunzi anabonyeza na kunakili. Suluhisho si kuwafungia mlango. Muhula mmoja wa aljebra ya matriksi ukifundishwa pamoja na Python, kwa mifano ya kemia tupu, unawafikisha mahali pa kuanzia: matriksi ya 2 kwa 2 ya Hückel kwa etheni, ya 4 kwa 4 kwa butadieni, kwanza kwa mkono na kisha kwa mistari sita ya programu. Tangu IIT Madras ifungue kampasi yake Bweleo mwaka 2023 ikianza na sayansi ya data na akili unde, Unguja ina jirani wa kubadilishana naye walimu wa somo kama hili. Ni nafasi ambayo idara za kemia zingeitumia mapema.

Mazoezi ya mwanzo yachaguliwe kwa kile yanachofichua. Atomu ya hidrojeni inajulikana kwa kalamu kuwa Hartree -0.5 kamili; seti ya 6-31G inatoa -0.4982, na mwanafunzi anaona kwa macho yake seti ya besi ni makadirio. Maji yanatakiwa kutoa pembe ya karibu 104.5. Kisha oksijeni, O2, iendeshwe kwa uzidishi wa spini 1 na tena kwa 3. Umbo la 3 liko chini, ndivyo ilivyo kweli, lakini pengo linalotoka kwa DFT ya kawaida linazidi lile lililopimwa, kilokalori 22.5, kwa zaidi ya kilokalori 10. Programu haikugoma wala kulalamika, ilimaliza salama na kuandika namba ya uongo. Zoezi hili lifanywe na kila mmoja kabla ya kuruhusiwa kugusa mradi.

Umeme hauna budi kutajwa. Zanzibar inategemea nyaya za baharini: Unguja kupitia Fumba, ambako waya mpya wa megawati 100 uliwekwa 2013, na Pemba kutoka Tanga tangu 2010. Wanaokumbuka mwisho wa 2009 hadi mapema 2010, Unguja ilipokaa kama miezi mitatu bila umeme wa gridi, wanajua unyonge huo. Siku hizi tatizo la mwanafunzi ni kukatika kwa saa chache, au Tukuza (umeme wa kulipia kabla) kuisha usiku hesabu ikiwa katikati. Tiba ni kupanga kazi kwa vipande. ORCA huacha faili la gbw, lenye obiti zilizokwisha kokotolewa, na umbo la mwisho. Anza tena kutoka hapo, si kutoka mwanzo. GROMACS huhifadhi hali kila dakika 15 na huendelea kwa -cpi. Mitetemo ndiyo inayouma ikikatika, kwa hiyo tenganisha Opt na Freq kuwa kazi mbili pale umeme usipoaminika. Laptopu iinuliwe mezani ipate hewa. Katika joto na unyevu wa Machi mashine hupunguza mwendo wenyewe ili isiungue, na hesabu ya saa tatu inakuwa ya tano. Google Colab ya bure, kompyuta ya kutumia mtandaoni, inasaidia kwa mazoezi, ila hukatwa pale unapoiacha kimya, na bando linalotumika kuiweka hai linazidi faida yake kwa kazi ndefu.

Kuhusu ajira tunasimama na wapinzani, karibu kikamilifu. Maabara za serikali, za maji, za chakula na dawa, na skuli, zinamtaka mtu anayejua kuandaa myeyusho wa kiwango, kupima kosa la bureti, kusoma kromatogramu na kuandika rekodi inayoaminika. Hakuna nafasi ya "mkokotoaji wa molekuli" visiwani, na si haki kumdanganya kijana aliyesoma kwa mkopo. Kinachobaki mkononi mwake ni Python, Linux, utunzaji wa data na tabia ya kudai ushahidi, na hivi vinauzika nje ya kemia pia. Anayetaka kuendelea na shahada ya uzamili ana milango. Mfululizo wa mafunzo ya ASESMA, ulioanza Cape Town 2010 na kufanyika Eldoret, Kenya, 2012, uliundwa kwa ajili ya Waafrika wanaofanya hesabu za elektroni, na Afrika Kusini ina kituo cha taifa cha kompyuta kubwa. Huko hawatamuuliza kama amewahi kusikia DFT. Watamuuliza namba yake ameilinganisha na nini.

Mwani unatajwa mara kwa mara kama mada, kwa sababu unalisha maelfu ya kina mama wa Paje, Jambiani na Pemba. Kwa shahada ya kwanza, tahadhari. Karajinani, inayotolewa kwenye mwani, ni mnyororo mrefu wa sukari zenye salfati, na kueleza kwa nini ile ya mwani wa spinosamu inaganda vizuri na kalsiamu huku ile ya mwani wa kotonii ikipenda potasiamu kunahitaji mwendo wa molekuli kwa nanosekunde nyingi. Hatua moja ni femtosekunde 2. Nanosekunde 100 ni hatua milioni 50, maji yakiwa yameizunguka. Laptopu haiwezi. Kinachowezekana ni kipande cha sukari mbili chenye ioni moja, na mwanafunzi aandike wazi kwamba kipande si jeli. Jaribio la jeli lenyewe, kwa upande mwengine, ni beseni la maji moto, chumvi mbili na kipimajoto.

Linalobaki ni usimamizi. Msimamizi asiyewahi kuendesha hesabu hawezi kuona mtetemo wenye alama ya kutoa uliofichwa kwenye ukurasa wa 40 wa matokeo, na mtahini wa nje naye hupewa picha badala ya faili. Idara iagize kila mradi ukabidhiwe pamoja na faili la maelekezo, faili zima la matokeo, umbo la mwisho, jina na toleo la programu, vyote kwenye folda moja la idara. Kwa molekuli kama eugenoli ni megabaiti chache tu. Mtahini achukue faili moja bila kuchagua, aiendeshe tena mbele ya mwanafunzi, na atazame kama namba ya mwisho inafanana hadi tarakimu ya tano. Mwanafunzi wa mwaka unaofuata aanzie kwenye folda hilo: mwenzake ameshapata mikao ya eugenoli, yeye achukue isoeugenoli, ambayo kiunga pacha chake kimeungana na pete na kwa hiyo inatakiwa kutoka chini zaidi kinishati, kisha aende hadi vanilini, ambayo kwa miaka mingi ilitengenezwa viwandani kutokana na mafuta ya karafuu.